Dereva wa ambulensi anayetaka kuhamia nyuma kwa mgonjwa: kazi hii ikoje hasa?

Dereva wa Malindi aliuliza:

Hamjambo nyote. Mimi ni dereva wa ambulensi upande wa Malindi, na huu ni mwaka wangu wa sita kwenye usukani. Safari zangu nyingi ni za kuhamisha wagonjwa kuwapeleka hospitali ya rufaa mjini Mombasa, mwendo wa kilomita zipatazo 120, nikiwa mbele peke yangu huku muuguzi akiwa nyuma na mgonjwa pamoja na jamaa mmoja. Nina umri wa miaka 34, nina mke na watoto wawili, na sasa nataka kusomea uhudumu wa dharura, yaani kazi ambayo wengi huiita paramediki.

Sababu ni safari moja ya mwaka jana. Tulikuwa tumembeba mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa, yapata saa tisa usiku, na tulipokaribia Matsangoni muuguzi akagonga kioo kwa kiganja mara tatu. Nikaegesha pembeni, nikawasha taa za tahadhari, nikazunguka nyuma. Mtoto alikuwa keshazaliwa, analia, lakini damu ya mama ilikuwa imetiririka sakafuni hadi kwenye kizingiti cha mlango. Muuguzi alinikabidhi mfuko wa dripu mkono mmoja na kurunzi mkono wa pili, akaniambia niviinue vyote viwili na nisitikisike. Nikasimama hivyo, miguu nje barabarani na kiwiliwili ndani ya gari, hata mabega yakaanza kuwaka. Mumewe akaniuliza, "Kaka, atapona huyu?" Sikuwa na la kumjibu. Sikuwa najua hata muuguzi anafanya nini pale anaposugua tumbo la yule mama kwa nguvu namna ile.

Wote wawili walifika salama. Tangu usiku ule, hata hivyo, kila nikisikia kioo kinagongwa najiona mtu aliye upande usio wake.

Naomba wanaoifanya kazi hii wanieleze bila kunipamba: siku yenyewe inaendaje, mwili unaumia kiasi gani, masomo yakoje kwa mtu wa umri wangu, na kama mhudumu ana usemi wowote. Nauliza hili la mwisho kwa sababu kituo kimoja nilichowahi kukifanyia kazi kilikuwa na desturi ya kuwaambia jamaa wachange pesa za mafuta kwanza ndipo gari liondoke, nami nikawa naambiwa kwamba kazi ya dereva ni kungoja funguo.

Zamu ya Usiku (Mombasa) alijibu:

Pole kwa safari ile, ndugu yangu, na hongera kwa kutotikisika. Nimefanya uhudumu wa dharura hapa kisiwani kwa miaka kumi na moja, na nitakueleza kadiri ninavyojua.

Kwanza nikutoe kiu ya swali ambalo halikupata jibu usiku ule. Kondo la nyuma likishatoka, tumbo la uzazi linapaswa kukaza liwe gumu kama ngumi, kwa sababu kule kukaza ndiko kunakoibana mishipa iliyokuwa inalisha kondo. Likilegea, mishipa hubaki wazi na damu humwagika kwa kasi inayoweza kumwua mama mwenye afya kabla hamjafika mji unaofuata. Muuguzi wako alikuwa akilisugua ili likaze, na bila shaka alikuwa amekwisha kumchoma sindano ya oksitosini, dawa inayolisaidia kukaza, ambayo kipimo chake cha kawaida ni yuniti 10 kwenye msuli. Dripu uliyoiinua ilikuwa inarudisha majimaji mwilini. Kama angekuwepo mtu wa pili aliyesomea, mmoja angeshughulika na mama na wa pili angemkausha mtoto, amlaze kifuani kwa mamaye ngozi kwa ngozi, na azime kiyoyozi, jambo ambalo watu husahau hadi mtoto anapoanza kupoa. Ndiyo maana ya mafunzo haya: mikono miwili zaidi inayojua kinachofuata bila kuambiwa.

Sasa siku yenyewe. Zamu haianzi kwa king'ora bali kwa ukaguzi, na mhudumu asiye na subira ya ukaguzi simpendi awe nyuma na mtu wangu. Unafungua kila droo, unawasha mashine ya kushtua moyo uone kama betri imeshika chaji, unavuta hewa kwa mashine ya kufyonza makohozi, unabana mfuko wa kupumulishia uone kama haukuchanika, unahesabu glavu. Kisha oksijeni, na hapo nataka wewe mwenye njia ya Malindi unisikilize kwa makini. Mtungi wa kati unaobebwa na magari mengi huingia lita 680 ukiwa umejaa. Mgonjwa mahututi anayevuta lita 15 kwa dakika anaumaliza kwa dakika 45. Mshale ukiwa nusu, una lita 340, ambazo ni dakika 22 tu, na kwa dakika hizo hujafika hata Kilifi. Safari yako, kwa sababu ya msongamano wa Mtwapa, nakadiria kuwa saa mbili na zaidi. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hiyo anahitaji mitungi mitatu iliyojaa na akiba juu yake, au uamuzi uliofanywa kabla ya kutoka kwamba mambo yakiharibika mtaingia hospitali ya Kilifi na wala si kukazana na barabara. Hesabu hii haimo katika picha zinazowavuta vijana kwenye kazi hii, nami nadhani ndiyo sehemu kubwa ya kazi yenyewe.

Kuhusu mwili: utaumia, na utaumia mgongo. Hapa Mji wa Kale kuna vichochoro ambavyo kitanda cha magurudumu hakipiti. Gari tunaliacha Ndia Kuu, tunaingia kwa miguu, na mgonjwa tunamkuta ghorofa ya pili juu ya ngazi za mbao zilizosimama wima na zenye kona. Mzee mmoja aliyepooza upande mmoja tulimteremsha kwa kiti cha plastiki cha hapo kwao, tumemfunga kifuani na mapajani kwa leso mbili za binti yake, mimi chini na mwenzangu juu, tukihesabu kidato kwa kidato. Uzito wake haukupungua kilo 100. Njia nzima alikuwa akijaribu kushika nguzo ya ngazi kwa mkono wake mzima, kama ambavyo ungefanya wewe ukiona unateremshwa kinyumenyume, na kila alipoishika sote watatu tulikuwa karibu kuanguka. Hapo nilijifunza kuifunga mikono ya mgonjwa ndani ya kitambaa kabla ya kuinua, na kumwambia kila hatua tutakayofanya. Mgongo wangu haujarudi sawasawa hadi leo. Jifunze kuinua kwa mapaja, jifunze kuomba msaada wa majirani, na usione haya.

Ajali za barabarani ni mtihani wa aina nyingine. Ukifika penye matatu iliyopinduka na majeruhi ishirini, anayepiga kelele kuliko wote si wa kwanza, kwa sababu anayepiga kelele anapumua. Unapita kwa kila mmoja kwa muda usiofika dakika. Anayeweza kutembea anapewa rangi ya kijani na kuelekezwa kando. Asiyetembea unaangalia pumzi: zikizidi 30 kwa dakika, ni mwekundu, yaani wa kuhudumiwa kwanza. Kama pumzi ni sawa, unaangalia mzunguko wa damu, kwa mfano kwa kubonyeza ukucha uone kama rangi inarudi ndani ya sekunde mbili, kisha unamwambia afanye jambo dogo, kama kukubana kidole, uone kama anafahamu. Asiyepumua hata baada ya kumfungulia njia ya hewa anapewa nyeusi, nawe unaondoka kwenda kwa anayefuata. Kuondoka huko kunafundishwa darasani kwa saa moja na hakuzoeleki kwa miaka kumi. Mama yake akiwa amesimama hapo, nenda tu, utarudi.

Masomo hayana shida kwa umri wako. Kuna ngazi ya msingi ambayo humalizika kwa miezi, kuna ya kati, na kuna ya paramediki yenyewe inayodai miaka. St John na Msalaba Mwekundu ni miongoni mwa waliofundisha watu wengi hapa Kenya. Kabla hujalipa ada, hata hivyo, nenda kwa mwajiri unayemtaka umwulize anaajiri ngazi gani, kwa maana tangu afya ilipokabidhiwa kaunti mwaka 2013 kila kaunti ina mpangilio wake, na kwingi nyuma ya gari huketi muuguzi, kama kwenu.

Sista wa Majeruhi alijibu:

Nami niongeze kutoka upande wa mlango wa hospitali, maana sisi ndio tunaowapokea.

Mhudumu mzuri namjua kabla hajafungua mdomo, kwa jinsi anavyonitafuta kwa macho na kungoja nimwangalie ndipo aanze. Halafu anasema mambo machache kwa utaratibu: umri, kilichotokea na saa ngapi, majeraha au dalili alizoziona, presha na pumzi na mapigo, dawa alizompa na dakika alizompa. Nusu dakika inatosha. Aliyeumia vibaya na anayevuja damu kuna dawa iitwayo asidi ya traneksamiki inayofaa kutolewa mapema, ndani ya saa tatu tangu alipoumia, na baada ya hapo inaweza kumdhuru. Nikiambiwa "aliumia jioni" sina ninaloweza kufanya na jioni hiyo. Naitaka saa. Kaka dereva, wewe umezoea kuandika saa ya kutoka na saa ya kufika katika daftari la gari. Tabia hiyo ibebe uende nayo nyuma.

Kuhusu pesa za mafuta, Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haikusema "akichanga." Lakini nisikudanganye: mhudumu akiwa peke yake saa nane za usiku mbele ya mkubwa wake hawi na nguvu ya Katiba mfukoni. Anachoweza ni kuandika. Andika saa ulipoitwa, saa mgonjwa alipokuwa tayari, saa gari lilipoondoka, na sababu ya kuchelewa kwa maneno yaliyosemwa. Daftari lenye saa humtia mkubwa hofu kuliko mabishano.

Mtu wa Shinyanga alijibu:

Shikamooni wakubwa. Naona mchangiaji wa kwanza anazungumza kana kwamba kila mahali pana gari lenye mtu aliyesomea. Huku kwetu Tanzania mambo yamekwenda njia nyingine, na pengine yatamsaidia ndugu dereva kuona kwamba kiti chake cha mbele si kitu kidogo.

Tuna mfumo wa m-mama, ulioanza kujaribiwa Kanda ya Ziwa, Sengerema na huku Shinyanga, na serikali ikauzindua kitaifa mwaka 2022. Mama mjamzito au aliyejifungua akipata tatizo, au mtoto mchanga, simu hupigwa bure namba 115. Anayepokea huuliza maswali yaliyopangwa, kisha hutafuta gari la wagonjwa lililo karibu, na kama halipo au liko mbali humpigia dereva wa kawaida wa kijijini aliyesajiliwa na kupewa mafunzo, mwenye gari lake mwenyewe. Dereva hulipwa kwa simu mgonjwa akishafikishwa, kwa hiyo hakuna jamaa anayeombwa mafuta. Mjomba wangu ni mmoja wa madereva hao. Hajui kuchoma sindano, lakini anajua barabara ipi inakatika mvua ikinyesha na zahanati ipi ina taa usiku, na katika vijiji vyetu akina mama walikuwa wakifa kwa kukosa gari kabla ya kukosa daktari.

Sisemi asisome. Muhimbili ilifungua idara yake ya tiba ya dharura mwaka 2010, na tangu hapo tumepata madaktari waliobobea katika fani hiyo, ila kati ya nyumbani kwa mgonjwa na mlango wa idara kama ile bado pana pengo, na wanaolijaza mara nyingi ni wauguzi, matabibu na madereva. Ninachouliza ni hiki: akihamia nyuma, nani atakayeliendesha gari kama yeye?

Zamu ya Usiku alijibu:

Mtu wa Shinyanga, nakubali sehemu na ninakataa sehemu. Nakubali kwamba dereva ni mtu wa tiba. Kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama kunatakiwa kufike kina cha sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na jaribu kufanya hivyo gari likiruka matuta ya Mtwapa: unakandamiza mbavu, unakandamiza hewa, mwisho unaangukia mgonjwa. Dereva anayejua kinachofanyika nyuma hupunguza mwendo bila kuombwa. Wengi hudhani anayewahi ndiye anayekimbia.

Ninachokataa ni kumwacha mbele kwa sababu anaendesha vizuri. Yule mume aliuliza swali na jibu halikuwepo ndani ya gari lile, kwa kuwa aliyekuwa na jibu alikuwa na mikono ndani ya damu. Magari mengi mazuri huwa na wahudumu wawili waliosoma wote, wakipokezana usukani, na huyu ataingia darasani tayari akiwa na nusu ambayo vijana wa miaka ishirini huchukua muda mrefu kuipata.

Mkaazi wa Leeds alijibu:

Assalaam aleikum. Mimi ni mzaliwa wa Lamu na nafanya kazi kwenye ambulensi huku Uingereza. Nimeona niseme kwa sababu najua swali la kusafiri litafuata, maana halikosi.

Huku neno paramediki linalindwa na sheria, na huwezi kujiita hivyo bila kusajiliwa na baraza la taaluma. Tangu mwaka 2021 kozi mpya ya kukufikisha kwenye usajili huo ni ya shahada. Cheti cha msingi cha nyumbani hakikuvushi moja kwa moja. Utaanzia ngazi ya chini ya msaidizi, na utadaiwa pia leseni ya magari mazito kidogo, ambayo kwako haitakuwa tatizo. Usisome kwa ajili ya kuja huku. Soma kwa ajili ya njia ya Malindi, halafu mengine yatajileta.

Watu huwaza kwamba huku ni kushtua mioyo kutwa. Simu nyingi ninazokwenda ni za wazee walioanguka wakati wa kwenda msalani na hawawezi kuinuka, na kazi yangu ni kumwinua, kumpima, kumchemshia chai na kuamua kama abaki nyumbani au aende hospitali. Simu za hatari kabisa tunatakiwa tuzifikie kwa wastani wa dakika saba, kisha tukishamfikisha mgonjwa tunaweza kukaa foleni nje ya hospitali kwa saa nzima na zaidi, kitanda hakuna.

Lililonisumbua mimi halikuwa damu. Ni mtoto mmoja ambaye tulifanya kila kitu kama kilivyoandikwa, na haikutosha. Kwa wiki kadhaa nilikuwa nikifika nyumbani nakaa garini nje ya mlango bila kushuka. Mke wangu ndiye aliyekuja kugonga dirisha. Kwa hiyo shemeji yetu, yaani mkeo, akionyesha wasiwasi, usimtulize kwa maneno. Mweleze kazi ilivyo, na mkubaliane mapema utarudi vipi nyumbani siku mbaya: utazungumza, utanyamaza, au ataondoa watoto sebuleni kwa nusu saa. Sisi hatukupanga, tukapanga baadaye.

Dereva wa Malindi alijibu:

Nawashukuru sana. Nimemsomea mke wangu jibu la ndugu wa Leeds, akacheka aliposikia habari ya mtu kugongewa dirisha na mkewe, kisha akanyamaza, kisha akasema niende nikasome ila nisiache kazi hadi nijue ada yote itatoka wapi. Kesho nitakwenda kuuliza kaunti wanaajiri ngazi gani, kama nilivyoelekezwa.

Kwa Sista: daftari la gari lina nafasi ya saa ya kutoka na saa ya kufika tu. Leo nimepiga mstari kwa rula nikaongeza sehemu ya saa ya kuitwa.

Nimalizie na hili. Niko zamuni sasa hivi. Baada ya kusoma hesabu ya mitungi nilishuka nikafungua nyuma ya gari kwa kurunzi ileile. Kuna mtungi mmoja, na mshale wake uko robo. Tumeambiwa huenda kukawa na safari ya Mombasa kabla ya alfajiri, mgonjwa wa kifua.

Zamu ya Usiku alijibu:

Robo ni lita 170. Kwa lita 15 ni dakika kumi na moja. Mwamshe mwenye stoo sasa hivi, uombe mitungi mitatu iliyojaa na wa nne wa akiba, ujaribu kila mmoja kwa kuufungua usikie hewa, usiamini kibandiko. Ikikosekana, mwambie muuguzi kabla mgonjwa hajapandishwa garini, ili azungumze na daktari mgonjwa akiwa bado na kitanda na oksijeni ya ukutani. Kisha uandike saa.

Dereva wa Malindi alijibu:

Saa saba na dakika arubaini. Stoo imefunguliwa, imepatikana miwili. Muuguzi yuko kwenye simu na daktari.